Msunguti, Chumvi na Seli ya Saratani

Kila seli hai, iwe ya ngozi, ya ini au ya uvimbe wa saratani, huishi ndani ya maji ya chumvi na hubeba maji ya chumvi ndani yake, ila maji hayo mawili hayafanani. Nje, katika damu na majimaji yanayoizunguka seli, sodiamu ndiyo nyingi: yapata milimoli 140 kwa lita. Potasiamu huko nje ni haba, kati ya 3.5 na 5. Ndani mambo ni kinyume. Potasiamu hufikia milimoli 140 na sodiamu hubaki 10 hadi 15 tu. Kalsiamu iliyo huru ndani ya seli ni kidogo mno, hata ile ya nje huizidi kwa takriban mara 10,000. Chembe hizi zenye chaji ya umeme huitwa ioni, na tofauti kati ya ndani na nje ndiyo inayoipa seli umeme wake, ukubwa wake na nguvu ya kuvuta chakula. Seli inapogawanyika au inapokufa, tofauti hiyo hubadilika nayo.

Tofauti hiyo haijilindi yenyewe. Utando wa seli unavuja saa zote, sodiamu ikipenya ndani na potasiamu ikitoka, na seli hunusurika kama mashua yenye tundu inavyonusurika, kwa kuwa yupo anayekumba maji bila kupumzika. Mkumbaji ni protini iliyochomekwa ndani ya utando, pampu ya sodiamu na potasiamu, ambayo Jens Skou wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, aliieleza mwaka 1957 baada ya kuchunguza neva za miguu ya kaa. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1997. Kwa kila molekuli moja ya ATP, kibeba nishati cha seli, inayotumika, pampu hutoa sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2. Pembeni yake kuna milango ya ioni maalumu inayofunguka na kufungwa, na kuna vibadilishi vinavyoingiza ioni ya namna moja huku vikitoa ya namna nyingine.

Seli ya saratani ina vifaa hivi hivi. Kinachoitenga na seli nyingine ni namna inavyoitikia kemikali zinazoifikia kutoka nje: homoni, vichocheo vya ukuaji, asidi, dawa, sumu za mimea, madini ya viwandani. Nyingi kati ya hizo hugusa mizani ya chumvi ndani ya dakika chache, mapema kabisa kabla jeni hazijaanza kujibu. Suala hili lina uzito katika eneo la Thika na Ruiru nchini Kenya, na hasa katika mtaa wa mabanda kama Kiandutu, kwa sababu karibu kila aina ya kemikali hizo inapatikana humo au jirani: mti wa sumu vichakani, maji ya visima vilivyo karibu na vyoo, viwanda vya ngozi, na hospitali zinazotoa dawa za saratani.

Kwa seli kila kemikali kama hizo ni ujumbe, na wa kwanza kueleweka ulikuwa wa ukuaji. Mwaka 1975 Enrique Rozengurt na Leon Heppel walichukua seli za panya zilizolala, zisizogawanyika, wakazimwagia majimaji ya damu yaliyojaa vichocheo. Baada ya dakika chache tu seli zilianza kuvuta rubidiamu, inayosafirishwa na pampu badala ya potasiamu, kwa kasi kubwa zaidi. Kazi iliyofuata, ya Smith na Rozengurt mwaka 1978, ilionyesha kwamba kichocheo hakikuigusa pampu moja kwa moja. Kilifungua njia ya sodiamu kuingia, na pampu ikaongeza kasi kwa kuwa sasa ilikuwa na kazi zaidi ya kufanya. Mnamo 1983 Wouter Moolenaar na wenzake nchini Uholanzi waliitambua njia yenyewe. Kichocheo cha ukuaji wa ngozi kikishika kipokezi chake, kibadilishi cha sodiamu na hidrojeni huamka, sodiamu ikaingia na asidi ikatoka, na ndani ya seli pakapungua uchachu.

Katika seli ya kawaida ujumbe huo hupita na seli ikatulia. Katika uvimbe hautulii. Kipokezi kimeharibika na kinaita hata bila kuitwa, au seli inajitengenezea kichocheo na kujinywesha yenyewe. Ndipo chumvi zinapohama kwa kudumu. Mwaka 1980 Ivan Cameron na wenzake, Texas, walipima elementi ndani ya seli mojamoja kwa miale ya eksirei wakakuta kwamba seli za uvimbe zina sodiamu nyingi mno kuliko seli za kawaida, ilhali potasiamu haikutofautiana sana. Uchachu nao hugeuka. Seli ya kawaida ina pH ya takriban 7.2 ndani na 7.4 nje, uvimbe unaweza kuwa na 7.4 au zaidi ndani, na 6.5 hadi 6.9 nje, kwa sababu huchoma sukari kwa njia inayozaa asidi nyingi, jambo ambalo Otto Warburg aliliona huko Ujerumani miaka ya 1920, kisha huisukumia asidi hiyo nje. Asidi ikishajaa nje inakuwa ujumbe mpya. Hufungua milango inayohisi uchachu, huamsha vimeng'enya vinavyokula tishu za jirani, na huzidhoofisha seli za kinga.

Wapo waliotaka kuufanya umeme wa seli kuwa sababu ya saratani yote. Clarence Cone, mtafiti wa shirika la NASA, alitoa nadharia hiyo mwaka 1971: seli yenye umeme mdogo kwenye utando wake hugawanyika, yenye umeme mkubwa hutulia. Ni kweli kwamba seli nyingi za saratani zina umeme mdogo. Hata hivyo miaka 50 iliyofuata imeonyesha kwamba umeme ni kiungo kimoja katika mnyororo mrefu unaopitia jeni, vipokezi na lishe, na anayeutafuta ufunguo mmoja hapo hataupata.

Ushahidi mzito zaidi kuhusu pampu yenyewe ulitoka kwenye mti wa Afrika Mashariki. Msunguti, ambao Wakikuyu huuita murichu, Wakamba kivai na Wamaasai olmorijoi, ni mti mdogo wenye majani magumu yanayong'aa, maua meupe yanayonukia na matunda yanayoiva yakawa zambarau iliyokoza. Huota kwenye vichaka na miamba ya nyanda kavu za Kenya. Wawindaji wa Wakamba, Wagiriama na Waata waliitegemea sumu yake kwa vizazi vingi, na Waata wa upande wa Tsavo waliwaangusha ndovu kwa mshale mmoja. Mbao na magome vilichemshwa kwa saa nyingi hadi ikabaki lami nyeusi. Lami ilipakwa chini kidogo ya ncha ya mshale, kisha ikafungwa ukanda mwembamba wa ngozi ili isikauke wala isimguse mwenyewe. Nguvu yake ilipimwa kwa damu. Mtu alijichanja, akaiacha damu itiririke, halafu akaigusisha sumu mwisho wa mchirizi, mbali na jeraha, akatazama jinsi weusi unavyopanda juu, na kuipangusa kabla haujafika kwenye kidonda. Ni kipimo cha maabara kilichofanyika bila maabara, na waliokibuni wanastahili kutajwa katika historia ya dawa.

Mwaka 1888 mkemia Mfaransa Arnaud alikitenga kiini cha sumu hiyo kutoka kwenye mti wa jamii ya msunguti uliotoka Somalia. Kiini hicho kinaitwa ouabaini. Ndugu yake, strofanthini ya mmea wa kombe, ilikuwa imekwisha kujulikana kupitia John Kirk, daktari wa msafara wa Livingstone katika bonde la Zambezi na baadaye konseli wa Uingereza Zanzibar, ambaye mswaki wake uliguswa na sumu ya mishale na mapigo ya moyo wake yakabadilika. Zote mbili, pamoja na digoksini itokayo kwenye mmea wa Ulaya, ni za jamii moja ya kemikali. Mwaka 1953 Hans Schatzmann wa Uswisi alionyesha, akitumia chembe nyekundu za damu, kwamba kemikali za jamii hii huzuia kupitishwa kwa sodiamu na potasiamu. Skou alipoipata pampu, ouabaini ndiyo iliyokuja kuthibitisha kwamba pampu hiyo ndiyo inayozuiwa. Hukaa upande wa nje wa protini, ikaishika, na pampu ikasimama.

Kwenye moyo matokeo yake yanajulikana. Sodiamu hulundikana ndani ya seli za msuli, kibadilishi kinachotoa kalsiamu kwa kutegemea sodiamu hupoteza nguvu, kalsiamu huongezeka, na msuli hukaza zaidi. Kipimo kidogo husaidia moyo uliochoka. Kikizidi, mapigo huvurugika na moyo husimama. Kwenye seli ya saratani jambo hilo hilo hutokea kwa sura nyingine. Sodiamu ikipanda na potasiamu ikishuka, ribosomu, mashine zinazounda protini, hukwama kwa kuwa haziwezi kufanya kazi bila potasiamu ya kutosha. Protini zenye maisha mafupi ndizo za kwanza kutoweka. Mojawapo ni HIF-1, inayouwezesha uvimbe kuvumilia uhaba wa oksijeni. Mwaka 2008 kundi la Gregg Semenza, Baltimore, lilionyesha kwamba digoksini huzuia kuundwa kwake.

Laiti habari ingeishia hapo, dawa ya saratani ingekuwa imekwisha kupatikana vichakani. Haikuishia hapo. Zijian Xie na Amir Askari, walipokuwa Toledo, Ohio, waligundua kwamba ouabaini kidogo sana, isiyotosha kuisimamisha pampu, huigeuza pampu kuwa kipokezi: huiamsha protini jirani iitwayo Src, na kupitia kwake ujumbe wa ukuaji hushuka hadi kwenye kiini cha seli. Katika baadhi ya seli kipimo hicho kidogo huchochea kugawanyika badala ya kukuzuia. Kemikali ile ile, kwa seli ile ile, huua ikiwa nyingi na huhimiza ikiwa kidogo. Mtu anayechemsha mizizi jikoni hana namna ya kujua yuko upande gani.

Mtego wa pili uko kwenye panya. Kwa miaka mingi tafiti zilitangaza kwamba digoksini au ouabaini imeyeyusha uvimbe wa binadamu uliopandikizwa kwenye panya wa maabara, na panya akabaki mzima. Kilichosahauliwa ni kwamba pampu kuu ya panya ina mabadiliko mawili madogo katika muundo wake, yaliyoelezwa na Elmer Price na Jerry Lingrel mwaka 1988, yanayoifanya iivumilie ouabaini mara mia kadhaa hadi 1,000 kuliko pampu ya binadamu. Dawa iliua seli zote za binadamu zilizokuwa ndani ya mnyama huyo, na seli hizo zilikuwa za uvimbe tu. Ndani ya mgonjwa, moyo na uvimbe vyote ni vya binadamu. Majaribio ya aina hiyo hayathibitishi kwamba dawa huchagua saratani na kuuacha mwili, na makala yoyote inayoyataja bila kusema hivyo inampotosha msomaji.

Kenya yenyewe ina mnyama anayelionyesha jambo hili porini. Panya mkubwa mwenye manyoya marefu, kwa jina la kisayansi Lophiomys imhausi, hutafuna magome ya msunguti na kuyapaka mate yenye sumu kwenye manyoya maalumu ya ubavuni. Mbwa akimng'ata anaweza kufa. Jonathan Kingdon na wenzake walilichapisha hilo mwaka 2011, na mwaka 2020 kundi la Sara Weinstein lililowatega panya 25 huko Laikipia liliwaona kadhaa wakijipaka bila kudhurika.

Kwa binadamu ushahidi ni mchanganyiko. Kuanzia 1979 Björn Stenkvist, Sweden, aliripoti kwamba vimbe vya matiti vya wanawake waliokuwa wakitumia dawa za moyo za jamii hii vilikuwa na seli zisizo kali sana. Mwaka 2011 utafiti wa Elizabeth Platz wa Marekani uliwakuta wanaume wanaotumia digoksini wakipata saratani ya tezi dume kwa kiwango cha chini kwa takriban robo. Mwaka huo huo Robert Biggar, kwa takwimu za Denmark, alikuta wanawake wanaoitumia wakipata saratani ya matiti zaidi, pengine kwa kuwa digoksini ina umbo linalokaribia homoni ya estrojeni. Hatua mpya ilitoka Uswisi. Kundi la Nicola Aceto lilikuwa limeonyesha mwaka 2019 kwamba seli za saratani zinazosafiri kwenye damu zikiwa zimeshikana makundi ndizo hatari zaidi katika kusambaza ugonjwa, na kwamba pampu ikizuiwa, makundi hayo hulegea. Mapema mwaka 2025 lilichapisha jaribio dogo la wagonjwa 9 wa saratani ya matiti iliyosambaa. Kwa kipimo cha kawaida cha digoksini, ukubwa wa makundi ulipungua kwa wastani wa seli 2.2. Hakuna aliyedai kwamba wagonjwa walipona. Kilichothibitishwa ni kwamba mizani ya chumvi ya seli za saratani ndani ya mtu aliye hai inaweza kusogezwa kwa dawa bila kumuua, na hilo si dogo.

Mipaka ya usalama lakini ni myembamba. Digoksini hufanya kazi vizuri kwenye damu ikiwa chini ya nanogramu 2 kwa mililita, na sumu huanza kujitokeza karibu na hapo hapo. Tena digoksini na potasiamu hugombea nafasi moja kwenye pampu: potasiamu ya damu ikishuka, dawa hushika kwa nguvu zaidi na kipimo kilichokuwa salama jana huwa hatari leo. Kiandutu ina msongamano, vyoo vya shimo na magonjwa ya kuharisha, na kuharisha ndiyo njia ya haraka ya kupoteza potasiamu. Mgonjwa wa huko anayepewa digoksini kwa ajili ya moyo, akaharisha siku tatu na kuongezea dawa ya miti shamba yenye murichu, amekusanya hatari tatu kwenye pampu moja.

Potasiamu ina upande mwingine uliojifunzwa hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya za watoto ambao sasa unaitwa limfoma ya Burkitt. Miaka ya 1960 Peter Clifford aliwatibu watoto wenye ugonjwa huo jijini Nairobi kwa dawa za kemikali, na sampuli zilizotoka Kenya zilipelekwa Stockholm kwa George na Eva Klein, ambako zilizaa jamii za seli zinazotumika maabara duniani kote hadi leo, zikiwemo Daudi na Namalwa. Uvimbe huu huyeyuka upesi ajabu ukipewa dawa, na hapo ndipo hatari inapokuja. Seli ikipewa amri ya kufa, jambo la mapema inalofanya ni kuachia potasiamu na kunywea. Carl Bortner na John Cidlowski walionyesha miaka ya 1990 kwamba potasiamu ya kawaida ndani ya seli huvifunga vimeng'enya vya kifo, na ikishuka vinafunguka. Kwa seli moja hilo ni tone. Kwa uvimbe wa kilo nzima unaokufa ndani ya siku mbili ni mafuriko: potasiamu yote iliyokuwa imefichwa ndani humwagika kwenye damu, fosfeti na asidi ya yuriki huandamana nayo, figo huziba, moyo husimama. Tathmini ya wagonjwa 37 wa Burkitt iliyochapishwa Marekani mwaka 1980 iliuweka wazi mwenendo huo, na ndiyo sababu mtoto huwekewa maji mengi ya mshipa na kupewa alopurinoli, dawa ya kuzuia asidi ya yuriki, kabla ya dozi ya kwanza.

Hata bila dawa, katikati ya uvimbe mkubwa daima kuna seli zinazokufa kwa kukosa damu, na potasiamu yake hubaki humo. Mwaka 2016 Robert Eil na wenzake katika maabara ya Nicholas Restifo, Marekani, walipima majimaji ya ndani ya vimbe wakakuta potasiamu imezidi ya damu mara 5 hadi 10. Kiasi hicho huzitia ganzi seli T za kinga zinazofika hapo kupigana. Mizoga ya seli za saratani inazilinda zilizo hai.

Mahali ambapo udhibiti wa ioni kutoka nje umegeuka tiba kamili ni tezi ya shingo. Seli za tezi hii huvuta iodini kwa kisafirishi kinachoiingiza pamoja na sodiamu, kikisukumwa na tofauti ya sodiamu ambayo pampu imeijenga. Jeni yake ilitambuliwa na kundi la Nancy Carrasco mwaka 1996. Homoni ya TSH kutoka kwenye tezi ya pituitari, chini ya ubongo, ndiyo inayoamuru visafirishi hivyo viwe vingi au vichache. Saul Hertz wa Boston alikuwa wa kwanza, mwaka 1941, kumtibu mgonjwa wa tezi kwa iodini yenye mionzi, na katika saratani ya tezi utaratibu ni huu: TSH hupandishwa kwa makusudi, seli za saratani zikaamka na kuivuta iodini, nazo zikaungua kwa mionzi ziliyoimeza zenyewe. Uvimbe ambao hauisikii tena TSH hauvuti iodini, na tiba hii haina nguvu kwake.

Kisafirishi hicho hakiwezi kutofautisha vizuri iodini na nitrati. Nitrati ikiwa nyingi kwenye maji ya kunywa huingia kwenye ushindani na kuinyima tezi iodini yake, na chanzo kikubwa cha nitrati katika makazi yenye msongamano ni visima vifupi vilivyochimbwa karibu na vyoo vya shimo. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita. Maji yakichemshwa vijidudu hufa, nitrati hubaki, tena hukolea zaidi kadiri maji yanavyopungua sufuriani. Chumvi yenye iodini inayouzwa madukani hupunguza madhara, lakini haichukui nafasi ya maji safi ya bomba.

Madini ya viwandani nayo hupenya kwa kujifananisha. Kromiamu inayotumika kulainisha ngozi kwa kawaida ni ile ya daraja la tatu, isiyopenya seli kwa urahisi. Ikigeuka ya daraja la sita, huchukua umbo linalofanana na salfeti na kuingia kwa milango ya salfeti, kisha kuharibu jeni ndani. Kadimiamu hupita milango ya kalsiamu na zinki. Risasi huiga kalsiamu. Ndiyo iliyowaumiza wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, ambako mahakama mwaka 2020 iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3. Thika, mji wa viwanda vya ngozi na nguo, una kila sababu ya kupima majitaka yake mara kwa mara.

Milango ya sodiamu inayofunguliwa na umeme ilidhaniwa kuwa mali ya neva na misuli pekee. Mustafa Djamgoz, London, ameonyesha kwa miaka mingi kwamba seli kali za saratani ya matiti na ya tezi dume huiunda pia, na huitumia kupenya tishu. Dawa ya kuifunga ipo katika zahanati nyingi: lignokaini, dawa ya ganzi ya kung'olea meno na kushonea vidonda. Rajendra Badwe wa Hospitali ya Tata Memorial, Mumbai, aliongoza jaribio la wanawake 1,583 wenye saratani ya matiti ya mapema. Nusu walidungwa lignokaini kuzunguka uvimbe dakika chache kabla ya upasuaji. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2023 yalionyesha kwamba baada ya miaka 5, asilimia 86.6 ya waliodungwa walikuwa hai bila ugonjwa kurudi, wakilinganishwa na asilimia 82.6 ya wengine. Ganzi hufanya mengine zaidi ya kufunga milango hiyo, kwa hiyo sababu kamili bado inajadiliwa, na jaribio linahitaji kurudiwa kwingine. Lakini kwa bei yake, hospitali za kaunti nchini Kenya zingefaa kuwa mstari wa mbele kulirudia.

Sisplatini, dawa inayotumika sana pamoja na mionzi kwa saratani ya shingo ya kizazi, huishi kwa kloridi. Katika damu yenye milimoli 100 hivi za kloridi hubaki imetulia. Ikiingia ndani ya seli, ambako kloridi ni haba, hupoteza kloridi zake na kuwa kali, ikaing'ang'ania DNA. Kwa maana hiyo tofauti ya chumvi kati ya nje na ndani ndiyo inayoiwasha. Dozi yenyewe hudungwa pamoja na maji mengi ya chumvi ya kawaida ili kuzinusuru figo, na bado figo huumia. Figo zilizoumia humwaga magnesiamu na potasiamu kwenye mkojo, na kutapika kunaongezea hasara.

Kwa mgonjwa anayetoka Kiandutu kwa matatu kwenda Hospitali ya Thika Level 5, au ile ya Chuo Kikuu cha Kenyatta iliyoko Kahawa kabla ya Nairobi, jambo hili linahusu kipimo kimoja cha damu kabla ya kila mzunguko wa dawa: sodiamu, potasiamu, magnesiamu na kreatinini. Magnesiamu ndiyo inayosahauliwa zaidi kwa kuwa mara nyingi huagizwa kivyake. Ikiwa imeshuka, potasiamu haipandi hata mgonjwa akimeza vidonge vyake vyote, kwa sababu milango ya potasiamu kwenye figo huzibwa na magnesiamu, na bila hiyo hubaki wazi na potasiamu huendelea kupotea. Magnesiamu hurudishwa kwanza, kisha potasiamu hufuata.